Matope ya Baridi Yanakula Nini Kwenye Baiskeli ya Milimani?

Waulize watu watano wanaoendesha baiskeli za milimani namna ya kuivusha baiskeli majira ya baridi, utaondoka na majibu yanayogombana. Mmoja atasema ioshe kila unaporudi. Mwingine atasema maji ndiyo yanayoiua, acha tope likauke ulipanguse kwa brashi. Wa tatu ataapia mafuta mengi kwenye cheni, wa nne atajibu kwamba mafuta ndiyo yanayokusanya uchafu. Wa tano ameona bei ya kaseti mpya, lile fungu la magurudumu ya meno ya nyuma, na ameamua baiskeli ikae ndani mpaka jua lirudi. Wote wameshika kipande cha ukweli. Ugomvi wao hauwezi kuamuliwa kabla ya kujua tope linafanya nini hasa, linapenya wapi, na vipi kati ya vifaa vinavyochakaa viliumbwa vichakae.

Kwanza tuelewane. Baiskeli ya milimani ni ile yenye tairi pana za meno, breki za diski na, mara nyingi, shokapu mbele au mbele na nyuma, iliyotengenezwa kwa njia za udongo, mawe na mizizi. Uchakavu wake una sura tatu. Upo wa kusagika: kitu kigumu kinapita juu ya kingine na kuondoka na chembe zake. Ipo kutu na ndugu zake, yaani metali kuliwa na maji, hewa na chumvi. Na upo ule unaojificha: kilainishi, kiwe mafuta au grisi, kinasombwa au kinachanganyika na maji mpaka hakifai tena, na metali zinabaki kugusana zenyewe kwa zenyewe. Safari moja ya baridi inaweza kuleta zote tatu.

Kwa nini tope la baridi ni tofauti

Katika nchi za majira manne, hasa zile ambazo baridi yake ni ya mvua kuliko theluji, kama Uingereza na Ireland, ardhi huanza kunywa maji wakati wa vuli na haipati nafasi ya kuyaachia mpaka majira ya kuchipua. Jua liko chini, siku ni fupi, ukaukaji ni mdogo mno. Miti iliyopukutisha majani haivuti maji udongoni kama inavyovuta kiangazi. Mvua ya Novemba inaikuta mvua ya Oktoba bado imekaa. Usiku ukileta barafu na mchana ukaiyeyusha, mambo huharibika zaidi, kwa sababu sentimita chache za juu zinalainika huku chini kumeganda bado. Maji hayana pa kuzamia, na njia nzima inageuka rojo.

Rojo hiyo ni maji yaliyobeba chembe, na chembe zenyewe hazilingani. Mchanga ni chembe za kati ya milimita 0.05 na 2. Udongo wa mfinyanzi uko chini ya milimita 0.002, mdogo kiasi cha kupita popote maji yanapopita. Mfinyanzi hunata na kuziba, mchanga hukata. Mchanga mwingi duniani ni kwatzi, madini ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, yamekaa kwenye 7. Alumini huzungukia 3. Chuma cha kawaida, kisichokomazwa, hakifiki 5. Aliyewahi kusugua sufuria iliyoungua kwa mchanga anajua kwamba mchanga mkavu humwagika na kukimbia, lakini ukiutia maji kidogo unashika pale unapouweka, na alumini inaanza kung'aa kwa sababu inaondoka. Tope lililopenya kwenye cheni linafanya kazi hiyohiyo, ila huku hakuna aliyeliomba.

Kutokana na hayo, wingi wa tope unaoonekana kwa macho ni kipimo kibovu cha uharibifu. Mfinyanzi mzito unaweza kujaa kwenye tairi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, baiskeli ikaonekana kama imefukuliwa kaburini, na bado metali zikapona kwa kiasi fulani. Njia ya mchanga mwembamba uliolowa hukurudisha nyumbani na baiskeli inayoonekana safi. Ukizungusha pedali kwa mkono ndipo unasikia mkwaruzo, na mkwaruzo huo ni cheni, diski na sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) zikisagwa.

Cheni hairefuki, inalegea

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Cheni ya baiskeli imeungwa kwa pini, na kutoka katikati ya pini moja hadi nyingine ni nusu inchi, milimita 12.7, iwe ni ya baiskeli ya gia moja au ya gia kumi na mbili. Watu husema cheni imerefuka, kana kwamba miguu imeivuta kama mpira. Vipande vyake vya pembeni havivutiki kwa nguvu za binadamu. Kinachotokea ni pini kusagana na tundu linaloizunguka, na nafasi ndogo sana inaongezeka kwenye kila kiungo. Cheni yenye viungo 116 ina nafasi ndogo 116. Zikijumlishwa, ndizo zinazosomeka kama urefu.

Kazi kinayoifanya kiungo kimoja ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chukua sproketi ya mbele yenye meno 32, cheni ya viungo 116, na mtu anayezungusha pedali mara 80 kwa dakika. Kila mzunguko wa pedali unavuta viungo 32, kwa hiyo cheni nzima inakamilisha duara mara 22 hivi kwa dakika. Katika kila duara, kiungo kinakunjwa na kunyooshwa kwenye sproketi ya mbele, kinakunjwa na kunyooshwa nyuma, kisha tena kwenye kila kimoja cha vigurudumu viwili vya mkono wa gia, ule unaohamisha cheni kule nyuma. Hiyo ni misogeo minane. Kwa saa moja inazidi mara 10,000, kwa kiungo kimoja tu. Wakati wa ukavu, misogeo hiyo hufanyika juu ya tabaka la mafuta. Kwenye tope, mafuta yanasombwa kidogo kidogo na nafasi yake inachukuliwa na maji yenye mchanga. Baiskeli yenye mota ya umeme inaongeza nguvu ya mota juu ya ile ya miguu, kwa hiyo mambo hayohayo huenda mbio zaidi.

Kupima ni rahisi na hakuna sababu ya kukisia. Weka rula juu ya cheni, pima nafasi 24 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Cheni mpya itasoma milimita 304.8. Ikikaribia 306.3 imeongezeka kwa nusu asilimia, na kwa mifumo ya gia kumi na moja au kumi na mbili huo ndio wakati wa kuitoa. Ikigusa 308, hiyo ni asilimia moja na umechelewa. Kuna pia kipimo maalumu, kijibamba cha chuma chenye ncha inayodumbukia kati ya viungo pale tu cheni inapokuwa imekwisha. Ni kifaa cha bei ndogo, na binafsi ningekinunua kabla ya sabuni yoyote ya baiskeli.

Nusu asilimia ni kama sehemu sita za mia za milimita kwa kila kiungo. Kiasi kidogo namna hiyo kina ubaya gani? Ubaya ni kwamba meno ya sproketi yamechongwa kwa ajili ya milimita 12.7. Cheni iliyolegea haikai tena chini kati ya jino na jino. Inapanda juu, na mzigo uliokuwa umegawanywa kwa meno mengi unaangukia machache. Meno hayo yanasagika upande mmoja na kuwa na ncha iliyoinama, mfano wa pezi la papa. Siku utakapoweka cheni mpya juu ya meno hayo itaruka kila unapokanyaga kwa nguvu, kwa kuwa cheni ni sahihi na meno ndiyo yaliyopotoka. Hapo utabadilisha cheni, kaseti na pengine sproketi ya mbele kwa pamoja. Cheni ni ya bei ndogo kuliko kaseti, na kwa kaseti za gia kumi na mbili tofauti ni kubwa sana. Cheni basi ni kifaa cha kutolewa kafara. Majira moja ya tope la mchanga kula cheni mbili si jambo la kulalamikia, ila kaseti kufa kwa sababu cheni haikutolewa mapema ni hasara ya kujitakia.

Tumalize na ugomvi wa mafuta. Mafuta yanahitajika ndani, kati ya pini na tundu lake, na chini ya rola, kile kipete kinachozunguka kati ya vipande vya pembeni. Yaliyobaki juu ya vipande vya pembeni hayalainishi chochote, yanakamata mchanga tu. Kwa hiyo anayesema mafuta ni lazima na anayesema mafuta yanakusanya uchafu wote wako sahihi, wanazungumzia pande mbili za cheni ileile. Tone moja kwa kila rola, zungusha pedali kinyumenyume kwa dakika moja, kisha futa nje kwa kitambaa kikavu mpaka ibaki karibu kavu. Fanya usiku kabla ya safari, mafuta yapate muda wa kuzama. Wakati wa baridi tumia mafuta mazito yaliyotengenezwa kwa ajili ya mvua, maana mepesi ya kiangazi husombwa kwenye vidimbwi vya mwanzo. Nta ina sifa nzuri ya kutokamata mchanga, lakini safari ndefu ya maji huing'oa na cheni ikilala na unyevu inaamka na kutu. Anayetumia nta majira haya lazima awe tayari kuipaka tena karibu kila anaporudi.

Upo pia uchakavu wa ghafla, ambao si wa kusagika. Majani, nyasi na mfinyanzi hujazana kwenye mkono wa gia mpaka vigurudumu vyake vikwame, na anayekanyaga kwa nguvu zaidi ili vifunguke huung'oa mkono mzima na kuutupa kwenye spoku. Ukisikia cheni inasita, shuka uchokoe kwa kijiti.

Breki huisha bila kuaga

Breki za diski zilipochukua nafasi ya breki za rimu kwenye baiskeli za milimani, tope lilikuwa sababu mojawapo kubwa. Breki ya rimu hubana ukingo wa gurudumu, mahali palepale panapopita kwenye kila dimbwi. Mchanga ulijichimbia kwenye raba na kuukwangua ukuta wa alumini mpaka rimu ikawa nyembamba na siku moja kupasuka. Diski imeinuliwa karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, na inabadilishwa bila kugusa rimu. Rimu zilipona. Pedi, vile vipande vinavyobana diski, ndizo zilizorithi mzigo.

Nafasi kati ya pedi na diski haifiki milimita moja. Mchanga unaoingia humo hausubiri ubane breki, kwa sababu diski inauburuta kila inapozunguka. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda mlima asubuhi nzima, akabana breki mara chache tu, na bado akakuta pedi zimepungua.

Pedi ni za aina kuu mbili. Za rezini ni nyuzi na unga wa vitu mbalimbali vilivyogandishwa kwa rezini, aina ya gundi ngumu. Zinashika upesi zikiwa baridi, ni tulivu, na katika tope la mchanga zinaweza kwisha kabisa kwa safari moja ndefu. Hiyo si porojo ya vijiweni, hutokea kweli na humkuta mtu akiwa juu ya mteremko mrefu. Za metali zimetengenezwa kwa unga wa metali uliobanwa na kupikwa mpaka ukashikamana. Zinapiga kelele zikilowa, zinachelewa kidogo kushika zikiwa baridi, lakini zinavumilia maji na mchanga kuliko za rezini kwa mbali. Kwa baridi ningechagua za metali bila kufikiri mara mbili.

Wanaozikwepa husema zinakula diski, na hawajakosea. Diski mpya huwa na unene wa karibu milimita 1.8, na Shimano, kwa mfano, wanataka itolewe ikifika 1.5. Ni tofauti ya milimita 0.3 tu. Hata hivyo diski humeza seti nyingi za pedi kabla ya kufika hapo, na breki inayokushika bado mwisho wa mteremko ina thamani kuliko diski yenyewe. Kuna sharti moja: baadhi ya diski za bei nafuu zimeandikwa kwamba ni za pedi za rezini pekee. Andiko hilo liheshimiwe.

Mtego mkubwa wa breki za mafuta ni wema wao. Pedi inapopungua, pistoni inayoisukuma inasogea mbele kidogo na mafuta yanajaza nafasi iliyobaki nyuma yake, kwa hiyo mkono wa breki unaendelea kuhisi vilevile. Breki ya waya ilikuwa inakuonya kwa kulegea. Hii haikuonyi, mpaka usikie chuma kikikwangua chuma. Lazima uchungulie kwa macho, na kwa tochi kama tope limeziba. Shimano wanataka pedi itolewe sehemu yake ya msuguano ikibaki nusu milimita. Mimi nisingeanza safari ndefu ya tope na pedi iliyobaki milimita moja.

Unapobadilisha pedi zilizokwisha, pistoni zimetoka nje sana na zimevaa tope kavu. Kuzisukuma ndani hivyohivyo ni kuupeleka mchanga kwenye sili, pete za raba zinazozuia mafuta yasivuje, na breki zinazovuja au kukwama baadaye nyingi huanzia hapo. Zisafishe kwanza. Halafu pedi mpya zifunze kwenye sehemu kavu na safi: shika mwendo, punguza kwa nguvu bila kusimama kabisa, rudia mara ishirini hivi. Pedi isiyofunzwa ikipelekwa moja kwa moja topeni haishiki vizuri na huisha mapema.

Beringi "zilizozibwa" hazijazibwa hivyo

Wauzaji husifia beringi zilizozibwa, na mnunuzi anaelewa kwamba maji hayaingii. Kinachozibwa ni gololi na grisi yake, kwa kifuniko cha raba chembamba kila upande, chenye ukingo unaogusa au kukaribia sana pete ya ndani. Ukingo huo umetengenezwa kuzuia vumbi, matone na grisi isitoke. Haukutengenezwa kwa kuzamishwa mtoni wala kwa maji ya mashine. Mashine za kuoshea za nyumbani mara nyingi huvuka shinikizo la bari 100. Raba hiyo inasalimu amri mara moja, na maji yakishaingia hayana njia ya kutoka. Grisi inageuka kuwa kitu cha kijivu au cheupe kama losheni, inapoteza ulaini, na gololi za chuma zinaanza kutu zikiwa zimesimama tu nyumbani.

Lakini mbona kwenye saiklokrosi, mbio fupi za baiskeli topeni, wanaosha kwa mashine? Ni kweli, wanaosha. Siku za tope zito mwendeshaji huingia sehemu ya kubadilishia, anamwachia fundi baiskeli chafu, anachukua safi, na iliyoachwa inapigwa maji ya mashine ikamsubiri arudi. Fundi huyohuyo atazifungua beringi baada ya mbio na kuweka mpya bila kusikitika. Ukitaka kuiga nusu ya kwanza, iga na ya pili.

Zilizo hatarini zaidi ni beringi za krenki, ile mikono inayobeba pedali, kwa kuwa ziko chini kabisa ambako kila kitu kinatiririkia, na zile za maungio ya shokapu ya nyuma. Hizi za mwisho zina bahati mbaya ya pekee: hazizunguki duara. Zinayumba digrii chache tu huku na huku, kwa hiyo gololi zinakandamiza mahali palepale kila siku na grisi haisambai. Toa cheni kwenye sproketi uzungushe krenki kwa kidole. Mkwaruzo au kukwamakwama ni beringi inayoaga. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kulia na kushoto, na kulegea utakakohisi kunaweza kuwa kwenye habu au kwenye maungio hayo.

Shokapu ya mbele inahitaji maneno machache, ingawa ndiyo ghali. Miguu yake ya juu inayong'aa inaingia na kutoka kwenye ya chini kupitia sili zenye ukingo wa kufuta uchafu, na chini ya kila sili kuna pete ya sponji iliyolowa mafuta. Tope likikauka kwenye miguu hiyo na ukaanza safari nyingine bila kuifuta, unausukuma mchanga kwenye sili mwenyewe. Tabaka gumu la juu ya mguu likishakwanguka halipakwi rangi likapona. Mara nyingi sehemu nzima inabadilishwa. RockShox wanapendekeza miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa mafuta mapya kila saa 50 za kuendesha. Anayeendesha saa nne kwa wiki anazimaliza saa hizo kwa wiki 12 na kidogo, yaani msimu mmoja wa baridi. Madigadi fupi ya plastiki iliyofungwa juu ya gurudumu la mbele watu huidhani ni ya kulinda macho. Inalinda sili pia, na hakuna kifaa cha bei ndogo kinachofanya kazi kubwa kuliko hicho.

Tope lisilodhuru

Tairi, kinyume na wengi wanavyodhani, hupumzika majira haya. Mpira huliwa na lami na miamba, na udongo laini hauna cha kuukata. Tairi za tope, zenye meno marefu yaliyoachana ili tope lidondoke, huisha upesi kwa sababu ya barabara ya lami kuelekea porini, ambako meno hayo yanapinda na kumenyeka. Hatari inayobaki ni jiwe kali lililojificha chini ya rojo.

Fremu inavumilia tope kwa wiki nzima bila shida, isipokuwa pale linapoganda kati ya tairi na mabomba ya nyuma. Hapo tairi inageuka msasa unaozunguka, unaopitia rangi na, kwa fremu za kaboni, unaweza kuanza kula nyuzi zenyewe. Waya zinazogusa fremu karibu na usukani hufanya vivyo hivyo kwa taratibu zaidi. Karatasi ya plastiki ya kujibandika, ikiwekwa baiskeli ikiwa mpya na safi, inamaliza habari hiyo.

Uioshe au usiioshe?

Turudi kwenye ugomvi wa mwanzo, maana sasa unaweza kuamuliwa. Fremu inaweza kusubiri, cheni haiwezi. Aliyerudi amechoka, gizani, baridi ikimtafuna, asijilazimishe kuosha baiskeli nzima. Amwage maji kidogo kwenye cheni na kaseti, apitishe brashi, akaushe kwa kitambaa, atie mafuta, afute miguu ya shokapu, aende kulala. Dakika tano. Tope la kwenye fremu likikauka litaondoka kesho, mradi lilowekwe kwanza, kwa kuwa kulisugua kavu ni kupiga rangi msasa.

Anayeosha vizuri atumie ndoo, brashi na bomba la kawaida, maji yakitoka juu kwenda chini, asielekeze mkondo kwenye habu, krenki, sili za shokapu wala maungio. Brashi ya cheni isiguse diski kamwe. Pedi ikishanyonya mafuta, kuiokoa ni kazi ya kubahatisha, na dawa ya kupuliza ikipeperushwa na upepo inafika kwenye diski bila wewe kuona. Baada ya kuosha, kukausha ndiyo nusu ya kazi ambayo wengi huiacha. Kopo la WD-40 lina nafasi yake hapa: lilitengenezwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, likatumika kwenye ngozi ya makombora ya Atlas ya Marekani. Lile la kawaida linafukuza maji vizuri. Kudhani kwamba limeshailainisha cheni kwa safari ya kesho ni kosa, mafuta lazima yafuate.

Iwapo umepita barabara iliyomwagwa chumvi dhidi ya barafu, sahau ruhusa ya kusubiri. Chumvi huharakisha kutu na inachochea metali mbili tofauti zinazogusana zilane. Bomba la siti la alumini ndani ya fremu ya chuma, likikaa msimu mzima bila kutolewa wala kupakwa grisi, linaweza kushikana mpaka likatwe kwa msumeno. Litoe mara moja moja, lifute, lipake grisi, lirudishe. Kwa fremu ya kaboni tumia pasta yake maalumu badala ya grisi.

Wapo walioamua kulikimbia tatizo zima kwa kuwa na baiskeli ya pili: gia moja, bila shokapu ya nyuma. Haina kaseti ya kuua wala mkono wa gia wa kung'oka, maungio yake yenye beringi hayapo, na cheni yake pana inabadilishwa kwa bei ndogo. Milima inakuwa mikali zaidi kwa miguu, lakini kwa mtu anayeendesha kila wiki ya baridi hesabu inaweza kumwendea vizuri. Aliye na baiskeli moja tu ataweka kaseti ya bei ya chini kwa msimu huo na kuhifadhi ile nzuri.

Njia nazo huchakaa. Tairi kwenye udongo ulioshiba maji huchimba mfereji, mvua inayofuata inaupitia mfereji huo na kuubeba udongo, na kila anayezunguka dimbwi pembeni anaipanua njia. IMBA, shirika la kimataifa la waendesha baiskeli za milimani, limeweka jambo hili kwenye kanuni zake za njia: udongo uliolowa huharibika kirahisi, na wakati mwingine uamuzi sahihi ni kuchagua njia nyingine. Asubuhi ya barafu kali, kabla jua halijaigusa, njia ileile ni ngumu na baiskeli inarudi karibu safi, lakini mchana inageuka rojo. Njia nyingine ya kukwepa ni vituo vya njia zilizojengwa kwa mawe ili zitumike mwaka mzima, kama Coed y Brenin kule Wales, kilichoanzishwa miaka ya 1990 na kufuatwa na vingine vingi Uingereza. Huko ardhi inapona na tope la kunata ni dogo. Lakini juu ya mawe hayo kuna changarawe laini iliyolowa, inayorushwa na magurudumu moja kwa moja kwenye diski na cheni, kwa hiyo hata baiskeli ikitoka huko haina tope la kuonekana, chungulia pedi kabla ya kuipakia kwenye gari.